Usisaini huo uanachama wa likizo kabla hawajakuonyesha unaisha mwaka gani

Mkuu usisaini. Nimesoma ulivyoeleza kwamba wewe na shemeji mmekalishwa kwenye semina ya hoteli, mkapewa "bei ya leo tu" ambayo meneja kawasogezea mpaka kesho asubuhi, na sasa unauliza kama taimushea, yaani huo uanachama wa kulipia haki ya kulala hotelini kila mwaka, inalipa, kipi bora kati ya wiki moja ya kila mwaka na pointi za kubadilisha na vyumba, mkopo wao ukoje, na kama watoto watairithi. Maneno waliyokuambia ni yale yale tuliyoambiwa sisi, hadi hilo la "utakuwa unamiliki, acha kupanga". Mimi nina huo uanachama, ni miaka mingi sasa, na ada inakatwa kila mwanzo wa mwaka niende nisiende.

Kesho ukirudi pale usianze na bei. Bei wanaijua kuicheza, watapunguza mbele yako mara tatu mpaka uone umewakomoa. Uliza hivi: huu mkataba unaisha mwaka gani, na siku nikichoka nani anaupokea kutoka kwangu? Waambie wakuonyeshe kwa kidole, ukurasa gani, mstari gani. Akianza kukwambia usijali, zinauzika hizi, watu wanazigombania, hapo hapo nyanyuka na shemeji muondoke.

Nakuambia hivi kwa sababu ya kilichotupata sisi, na sisemi ile mara ya kwanza tuliyonunua. Mara ya kwanza tulinunua wiki, wiki moja kila mwaka kwenye hoteli moja, na ule mkataba ulikuwa na mwaka wa mwisho umeandikwa kabisa. Ulikuwa ghali lakini ulikuwa unaisha. Shida ilikuja baadaye tulipokwenda kuitumia, pale mapokezi tukaambiwa kuna kikao kifupi cha wanachama, mje mpate taarifa mpya na kifungua kinywa. Hakuna taarifa yoyote pale! Ni semina ya mauzo ile ile, ila safari hii wana faili lako mezani, wanajua unalipa nini na unalalamikia nini. Akakaa na sisi dada mmoja mchangamfu, anawajua watoto kwa majina, akatuambia mfumo wa wiki unaondoka, kila kitu kinahamia kwenye pointi, mkibaki na wiki mtakuwa mnakosa nafasi, mkihama mtachagua hoteli yoyote msimu wowote, na ada itapungua. Alisema ada itapungua, mbele ya mke wangu, akachora na mahesabu kwenye karatasi, na ile karatasi mwisho wa kikao akaichukua mwenyewe.

Tukairudisha wiki yetu kama sehemu ya malipo, iliyobaki tukakopeshwa na wao wenyewe kwa riba ambayo benki yoyote ingeona aibu kuitamka. Na huo mkataba mpya wa pointi haukuwa na mwaka wa mwisho, mahali pa muda wa mkataba pameandikwa ni wa kudumu. Elewa hapo mkuu, tulikuwa na kitu kinachoisha, tukalipa hela nyingi kupewa kitu kisichoisha, na hakuna hata mmoja kati ya wale watu watatu waliozunguka ile meza aliyetutamkia neno hilo. Walituongelesha bahari, walituongelesha machweo, walituongelesha "kumbukumbu za familia", lakini muda wa mkataba hawakuutaja.

Ada ilipokuja ilikuwa imepanda. Lazima ipande, kwa sababu kwenye mfumo wa pointi ada inafuata idadi ya pointi ulizonazo, ukiongeza pointi umeongeza ada, hesabu rahisi kabisa ambayo yule dada alikuwa anaijua kuliko jina lake. Nikapiga simu, yule dada hayupo tena pale, aliyepokea akanisomea kipengele kimoja taratibu kama anamsomea mtoto: mnunuzi anathibitisha kwamba hakununua kwa kutegemea ahadi yoyote ya mdomo. Pembeni yake kuna herufi za majina yangu kwa mkono wangu. Kipengele hicho kipo karibu kwenye mikataba yote ya aina hii, na mara nyingi kuna kingine kinachosema hununui kama uwekezaji. Sasa unielewe, mtu anakaa na wewe saa nne anakuambia ni uwekezaji, kisha anakupa karatasi inayosema hajakuambia ni uwekezaji, akijua kabisa umechoka, watoto wana njaa na hutasoma. Wale watu wananitia hasira mpaka leo, na sitajifanya imepita.

Kuhusu hiyo ada usiangalie ya mwaka huu. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka kama 14 inakuwa mara mbili, ikipanda asilimia 8 ni miaka 9 tu. Na wanaoipanga ni wao, au kamati ambayo wao ndio wana kura nyingi. Halafu juu ya ada kuna mchango maalumu, hoteli ikipigwa na kimbunga au wakiamua kubadilisha lifti na paa, bili inagawanywa kwa wanachama na huna pa kukataa. Usipolipa wanakupeleka kwa wakusanya madeni, jina lako linachafuka kwenye taarifa za mikopo. Kwa hiyo ile hela wanayokutajia mezani ni ya kuingia tu mlangoni.

Kuuza? Nilijaribu. Fungua sasa hivi mtandao wowote wa kuuza mitumba, andika jina la hiyo hoteli na neno taimushea, utaona wenye nazo wanaotaka kutoka. Kwenye eBay zimekuwa zikiuzwa hata kwa dola 1, na wengine wanatoa bure halafu wanakulipia na gharama za kuhamisha jina ili mradi ada ihamie kwako. Na makampuni mengi yakiona umenunua kwa mtu yanakunyima baadhi ya faida walizopewa wanunuzi wa kwao, ndiyo maana bei ya mkononi inakufa zaidi. Fanya hivyo kabla ya kesho asubuhi mkuu, itakuchukua muda mfupi tu, na kama kitu wanachokuuzia kwa hela zote hizo mwenzako anakigawa bure, muulize huyo meneja kwa nini. Sikiliza atakavyojibu.

Halafu ukishatangaza unauza ndipo simu zinaanza. Anakupigia mtu ana kila taarifa yako, anasema amepata mnunuzi kampuni kubwa, bei nzuri ajabu, ila utangulize kodi au gharama za wakala. Huyo ni tapeli, usimtumie hata senti. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na makampuni ya Meksiko waliohusishwa na genge la Jalisco, linaloitwa CJNG, kwa kazi hiyo hiyo ya kuwatapeli wenye taimushea. Genge la madawa ya kulevya nalo limekuja kuwinda watu wanaotafuta kutoka kwenye hii mikataba! Hapo ujue wanaotafuta kutoka ni wengi kiasi gani na wamekata tamaa kiasi gani. Na wale wanaojitangaza kama "tunakutoa kwenye taimushea, lipa kwanza", nao wengi wamefikishwa mahakamani huko Marekani.

Suala la mkataba usioisha si hasira zangu tu. Sheria ya Hispania ya mwaka 1998 ilisema mikataba hii iwe na muda, kuanzia miaka 3 isizidi 50, makampuni yakaendelea kuuza ya milele, mpaka mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Hispania ikaamua kwamba mikataba ya hivyo iliyosainiwa baada ya sheria ni batili, na watu wengi wakadai hela zao. Kwa hiyo ukiuliza "unaisha lini" na muuzaji akakuangalia kama umeuliza kitu cha ajabu, hakuna ajabu hapo, kuna nchi ambako hilo ni swali la kisheria.

Watoto kurithi: wanachorithi ni ada. Wanakuambia ni zawadi kwa kizazi kijacho, lakini kama mkataba ni wa kudumu, bili nayo ni ya kudumu. Sehemu nyingi mrithi anaweza kukataa kwa maandishi akiwahi, kabla hajaanza kuitumia, lakini nani anakumbuka hilo akiwa msibani? Mimi wangu nimeshawaambia wasiguse.

Ulitaja pia kubadilishana muda wako na wa wanachama wa hoteli nyingine, kwamba utaenda nchi nyingine kupitia RCI au Interval International. Hayo ni makampuni ya kweli, RCI ipo tangu 1974, na kubadilishana kunafanyika. Ila kuna ada ya uanachama kule na ada kila unapobadilishana, juu ya ile ya hoteli, na unapata kinacholingana na ulichoweka, wiki ya msimu mfu haikupi pwani wakati shule zimefungwa. Na pointi zenyewe kampuni ndiyo inayopanga chumba gani ni pointi ngapi, inaweza kubadilisha jedwali na wewe pointi zako ni zile zile.

Kama hoteli mmeipenda kweli, na mimi siikatai, hoteli zao nyingi ni nzuri sana, tafuta mwanachama mpange wiki yake. Wapo tele wanaopangisha kwa hela iliyo chini ya ada wanayolipa, ili angalau warudishe kitu. Unalala chumba kile kile, unaogelea bwawa lile lile, jumapili unarudisha funguo na mwakani hakuna anayekudai.

Mengine uliyouliza nimeyasahau, utanikumbusha. Ila kama umenificha na mmeshasaini, basi acha kusoma mengine, kuna muda wa kughairi bila sababu na unaanza kuhesabiwa. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza ni siku 14, na ndani ya hizo siku hawaruhusiwi hata kupokea malipo. Florida ni siku 10, Meksiko siku 5 za kazi, majimbo mengine ya Marekani kila moja na yake na mengine ni mafupi sana. Usipige simu kughairi, ukipiga watakupa mtu wa kukubembeleza mpaka siku ziishe. Andika barua fupi, namba ya mkataba, majina yenu wote wawili, "tunaghairi mkataba huu", saini zenu, itume kwa njia ambayo mkataba umeitaja na ubaki na risiti ya posta yenye tarehe. Kipengele cha kughairi wakati mwingine kimefichwa mwishoni kabisa kwenye lile begi la makaratasi, au kwenye faili la kompyuta walilokupa, kitafute usiku huu. Niandikie hapa mmesaini tarehe ngapi na nchi gani, nipo macho, tuhesabu siku pamoja.