Tumbo Linajikusanya: Mwili Wangu Baada ya Kujifungua

Siku ya tatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nilikuwa nimeketi kitandani katika nyumba yetu ya Migosi, hapa Kisumu, nikimnyonyesha, mara tumbo likanikaza kwa uchungu uliofanana kabisa na ule wa chumba cha kujifungulia. Nilimtoa mtoto kwenye titi haraka, nikidhani kuna kitu kilichosalia ndani. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Siaya kunipikia uji wa wimbi na supu ya samaki, hakushtuka hata kidogo.

"Mrudishie titi, mwanangu," alisema. "Tumbo linajikusanya."

Alisema kweli. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo husukuma maziwa kuelekea kwenye chuchu na papo hapo huukaza mji wa mimba. Mji huo, ambao kabla ya ujauzito huwa na uzito wa gramu 70 hivi, hukaribia kilo 1 siku ya kujifungua, na huhitaji takriban wiki 6 ili kurudi karibu na hali yake ya awali. Kukaza huko ndiko kunakobana mishipa ya damu pale lilipobanduka kondo la nyuma. Kwa kawaida uchungu wenyewe huwa mkali zaidi kuanzia uzazi wa pili, na ndiyo sababu sikuujua kwa kifungua mimba wangu.

Kliniki ilinitayarisha vyema kwa ujauzito. Nilielezwa kwamba damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, nikapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, chandarua, na dawa ya kujikinga na malaria, ambayo huku kwetu ziwani si jambo la mzaha. Lakini baada ya kujifungua, mazungumzo yote yalihamia kwa mtoto: uzito wake, chanjo zake, kitovu chake. Mwili wangu mimi nikaachiwa niukisie.

Nilikisia vibaya mara nyingi. Wiki mbili baada ya kujifungua, jirani aliniuliza iwapo bado kuna mwingine tumboni, nami nikaingia ndani nikajifunga leso kwa nguvu hadi nikashindwa kupumua vizuri. Leso iliyofungwa kwa kiasi humpa mzazi egemeo, hasa mgongoni, lakini haiunganishi misuli ya tumbo iliyoachana katikati, na ikibanwa kupita kiasi huisukumia chini mizigo ambayo nyonga bado haina nguvu za kuibeba. Viatu vyangu vya namba 38 navyo vilikataa kuingia hata baada ya uvimbe kwisha, kwa kuwa ujauzito hulegeza kano za unyayo na mguu huweza kubaki umepanuka. Nilikwenda Kibuye Jumapili moja nikanunua vya 39, nikaacha kuvisubiri vile vya zamani. Kuhusu nywele zilizojaa kwenye kitana mwezi wa nne, sina la kusema ila kwamba ziliota tena zenyewe.

Maziwa ndiyo yaliyonipa hofu kubwa zaidi. Siku mbili za kwanza hutoka dang'a tu, kidogo na ya manjano, na ndipo jamaa huanza kunong'ona kwamba mama hana maziwa. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, na hiyo dang'a inamtosha. Matiti hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyonyonywa, kwa hiyo chupa inayoletwa "kumsaidia mama" mara nyingi ndiyo inayoyapunguza. Nawaambia pia wadogo zangu wanaoogopa kunyonyesha wasije wakaharibu matiti: umbo hubadilishwa zaidi na ujauzito wenyewe kuliko na mtoto anayenyonya.

Yapo mambo yasiyofaa kusubiriwa wala kuulizwa jirani. Ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa, damu ya nifasi ikinuka vibaya, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kifafa cha mimba huweza kumpata mama hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Jambo nililolificha kwa muda mrefu zaidi ni mkojo. Kila nilipopiga chafya au kucheka, ulinitoka. Niliacha kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nikasingizia mtoto. Nilipojikaza nikamweleza muuguzi wa kliniki moja, alicheka akasema, "Si umezaa? Zoea." Nilizoea kwa miezi minane. Aliyenitoa hapo ni mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye alinifundisha kukaza misuli ya chini ya nyonga kana kwamba ninazuia hewa na mkojo kwa pamoja, nihesabu hadi tano nikipumua kawaida, niilegeze kabisa, kisha nirudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Alinionya nisifanye hivyo katikati ya kukojoa, na nisitarajie mabadiliko makubwa kabla ya miezi mitatu. Nilikuwa nikifanya nikiosha vyombo, nikiwa kwenye matatu, nikinyonyesha. Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, mafua yalinipata, nikapiga chafya nne mfululizo nikiwa sokoni, nikabaki mkavu.

Kuvuja mkojo baada ya kuzaa huwapata wengi, lakini wingi wao hauufanyi kuwa jambo lisilotibika. Utakapompeleka mtoto kliniki wiki ya sita, usiseme "sijisikii vizuri" halafu ukangoja uulizwe. Sema waziwazi, "Ninavuja mkojo," na ukijibiwa kwamba ndivyo uzazi ulivyo, omba uandikiwe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.