Kwa mliofika Boise juzi: Wabaski walitutangulia

Ndugu zangu mnaoshuka Boise, jimbo la Idaho huku Marekani, kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale au kutoka Nairobi, mkipata nafasi piteni Grove Street, katikati ya mji. Pale lipo jengo la Anduiza, lililojengwa mwaka 1914 kuwa bweni la Wabaski waliotoka kaskazini mwa Hispania, wengi wao mkoa wa Bizkaia, kuja kuchunga kondoo Idaho. Pamoja na vyumba vya kulala, ndani kuna uwanja mzima wa pelota: mpira mdogo mgumu unabamizwa ukutani kwa kiganja au kibao, na mlio wake unajaa jengo lote. Mpaka leo watu wanacheza humo.

Ule uwanja haukuwa anasa. Mchungaji alikaa milimani miezi kadhaa na kondoo elfu moja au zaidi, pengine bila mtu wa kuzungumza naye. Akishuka mjini majira ya baridi alihitaji kelele, jasho na wenzake. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wetu wanatoka zamu ya usiku, wanalala, wanashika simu, basi. Tafuteni kwaya, tafuteni timu ya mpira. Upweke wa huku unaua taratibu.

Kisha mwangalieni mwenye bweni. Mbali na kitanda na chakula, alimpokelea mpangaji barua, akamtunzia sanduku, akamuulizia kazi, akafuatana naye kwa daktari kumtafsiria. Nanyi mtafuteni mwenyeji wa namna hiyo. Kabla hujatia sahihi mkataba wa nyumba au wa gari la mkopo, mpelekee ausome.

Kazi ya kwanza isikutie aibu. Wengi wa wale walikuwa wakulima wadogo au wavuvi kwao; kundi kubwa kiasi kile hawakuwahi kulichunga. Walijifunzia kazini. Wasichana waliokuja kuhudumia mabweni walipika, wakafua mashuka, wakatandika vitanda vya wanaume wote wale, na mimi naona wao ndio waliozibeba nyumba hizo, ingawa sifa nyingi huenda kwa wachungaji.

Lugha nayo. Mezani palikuwa Kibaski mwanzo mwisho, na faraja hiyo iliwachelewesha wengine kujua Kiingereza. Kiswahili tuongee nyumbani kwa raha zote, lakini darasa la jioni usilikose.

La mwisho ni makaratasi. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria iliyoipa Hispania nafasi 131 tu kwa mwaka, na mlango ukabaki mwembamba sana kwa waliotaka kuwafuata ndugu zao. Sheria hubadilika ukiwa bado unajipanga. Kama ulikuja kama mkimbizi na umemwacha mke, mume au mtoto ambaye hajafikisha miaka 21, ombi la kumleta linapaswa kuwasilishwa ndani ya miaka 2 tangu ulipoingia. Nenda mapema kwa shirika lililokupokea, ukiwa na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa.