Mlo kwanza au mbio kwanza?
Mlo kamili upe muda wa kama saa 3 kabla ya kukimbia. Ukila kitu kidogo tu, mfano tunda moja, dakika 30 hadi 60 zinatosha. Ukianza mbio damu nyingi inakwenda kwenye misuli, tumbo linabakiwa na kidogo, kwa hiyo chakula kinakaa palepale na kuanza kukusumbua: kiungulia, kichefuchefu, kichomi ubavuni. Vyenye mafuta na nyuzinyuzi nyingi ndivyo vinavyochelewa zaidi kutoka tumboni, hivyo vya kukaanga viache mpaka umalize. Mimi niliwahi kukimbia saa moja tu baada ya kushiba; kilomita ya pili nilikuwa nimeinama kando ya njia, mikono magotini, natapika.

Kutembea hakuna haja ya kusubiri, tena matembezi ya dakika 10 au 15 baada ya kula husaidia sukari isipande sana. Ila anayetumia insulini tafadhali apime sukari kabla ya mazoezi yoyote, hasa akiwa hajala, maana inaweza kushuka ghafla akiwa katikati ya njia.