Kuondoa vidakuzi sugu na programu za ujasusi kwenye kompyuta ya nyumbani: kwa fundi anayeanza

Mteja aliyenifundisha kazi hii alikuwa mwalimu mstaafu wa Morogoro, ambaye kompyuta yake niliisafisha mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Kila alipofungua kivinjari, ukurasa wake wa kutafutia ulikuwa umeondolewa na mahali pake pamewekwa mwingine uliojaa matangazo ya mikopo. Mara ya kwanza niliondoa kiendelezi, yaani kijiprogramu kinachoongezwa ndani ya kivinjari, kilichokuwa kikifanya hivyo, nikafuta vidakuzi vyote, nikaondoka nikiamini kazi imekwisha. Siku ya nne alinipigia simu. Mara ya pili niliondoa kivinjari chenyewe pamoja na folda zake, nikakisakinisha upya, na kila kitu kikaonekana safi hadi alipoingia kwenye akaunti yake ili arudishiwe kurasa alizozihifadhi. Muda si mrefu kiendelezi kilekile kikawa kimerejea, kwa kuwa kilikuwa kimehifadhiwa katika akaunti na kilisubiri tu kushushwa tena. Mara ya tatu nilizima kwanza usawazishaji wa akaunti, kisha nikafungua Task Scheduler, ile programu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha zenyewe, na humo nikakuta kazi moja iliyopewa jina la kusasisha sauti, ambayo kila mwalimu alipowasha kompyuta ilikirudisha nilichokiondoa. Nilikuwa nafuta nyayo bila kumtafuta mwenye miguu.

Tangu wakati huo, kabla ya kufuta chochote hujiuliza: nikikiondoa kitu hiki sasa, ni nini kitakachokirudisha? Karibu kila jambo nitakalokueleza hapa linatokana na swali hilo.

Ni lazima kwanza utenganishe vitu viwili ambavyo wateja huviita kwa jina moja la virusi. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti hukiachia kivinjari ili imtambue mtumiaji atakaporudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli alipokuwa akifanya kazi Netscape, na ndicho kinachokuwezesha kubaki ndani ya akaunti yako ya barua pepe unapohama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Hakijiendeshi chenyewe, wala hakisomi faili zako. Ubaya wake huanza pale kampuni ya matangazo, iliyopachika vipande vyake katika tovuti nyingi, inapotumia kidakuzi kimoja kumfuata mtu kote anakopita. Programu ya ujasusi ni kitu kingine kabisa, kwa maana inaendeshwa ndani ya kompyuta yenyewe na inaweza kunakili kila herufi inayobonyezwa, kupiga picha za kioo, na kuyatuma yote hayo kwa mtu asiyejulikana.

Nasisitiza tofauti hii kwa ajili ya uaminifu wa kazi yetu. Zipo programu za kusafisha zinazohesabu kila kidakuzi kuwa ni tishio na kuionyesha idadi kwa rangi nyekundu, na wapo mafundi wanaoitumia idadi hiyo kuongeza malipo. Usifanye hivyo. Mama anayeambiwa kwamba kompyuta yake ina vitisho mia tatu hulala na hofu isiyo na msingi, na siku utakapokuta ujasusi wa kweli hutakuwa na neno zito zaidi la kumwambia.

Hata hivyo, vidakuzi sugu vipo kweli, na usugu wao una historia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba baadhi ya tovuti zilikuwa zikiweka nakala ya utambulisho wa mtumiaji ndani ya Adobe Flash, programu iliyotumika kuonyesha video na michezo kwenye kivinjari, ili akifuta vidakuzi vya kawaida, nakala hiyo ivifufue. Mwaka uliofuata Samy Kamkar alitengeneza mfano alioupa jina la Evercookie, uliohifadhi utambulisho katika sehemu nyingi za kivinjari kwa wakati mmoja, hata katika faili za muda za picha. Ikibaki sehemu moja tu, zile nyingine zote huandikwa upya. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, lakini kanuni yenyewe haikufa pamoja nayo, kwa sababu vivinjari vya leo vina hifadhi nyingine ambazo tovuti huziandikia. Kwa hiyo unapofuta, usichague vidakuzi peke yake. Chagua pia data ya tovuti na faili za muda, weka kipindi cha wakati wote, na hakikisha kisanduku cha manenosiri hakijawekewa alama, la sivyo utamwachia mteja kivinjari safi ambacho hakikumbuki hata nenosiri moja. Nililifanya kosa hilo mara moja, na nilitumia jioni nzima nikimsaidia mteja kurudisha akaunti zake.

Baada ya kufuta, funga mlango. Safari, kivinjari cha Apple, ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya watu wa tatu, yaani vile vinavyowekwa na wengine wasio tovuti uliyoifungua, mwezi Machi 2020, na tangu Juni 2022 Firefox ya kompyuta huvitenga vidakuzi vya kila tovuti katika chombo chake, hivyo kampuni ya matangazo haiwezi kuunganisha ulikopita. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa kwenye Chrome, kisha Julai 2024 ikaachana na mpango huo, kwa hiyo katika Chrome ya mteja wako kizuizi hicho ukiwashe wewe mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha. Mwambie pia ukweli kwamba vidakuzi vitaonekana tena siku hiyohiyo atakapofungua tovuti zake, na kwamba hilo si dalili ya ugonjwa. Chrome haikipi kidakuzi maisha ya zaidi ya siku 400, lakini tovuti inaweza kuanza kuhesabu upya kila anapoitembelea. Asiyetaka kuvikuta kesho yake anaweza kukiagiza kivinjari kivifute kila kinapofungwa, akiruhusu tovuti chache tu anazozitumia kila siku.

Sasa tuingie kwenye programu za ujasusi zenyewe, ambako kazi ni ngumu zaidi. Katika nyumba nilizoingia, njia kuu ya kuingilia imekuwa programu zilizovunjwa leseni, hasa zile za kuamilisha Windows bila kununua. Maelekezo yake karibu yote humtaka mtumiaji azime antivirusi kwanza, na mtu akishafanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe, hakuna kinga iliyobaki ya kumwokoa. Njia nyingine ni flashi inayozunguka kati ya nyumbani, ofisini na duka la kuchapisha, pamoja na vitufe vya uongo vya kupakua vilivyowekwa pembeni ya kile cha kweli. Muulize mteja bila kumlaumu ni nini kilichosakinishwa siku chache kabla ya tatizo kuanza, kwani akiogopa kuchekwa atakuficha jambo lile lile unalolihitaji.

Kabla ya kuanza, ichomoe kompyuta kwenye intaneti na unakili nyaraka na picha za mteja kwenye diski ya nje. Nakili nyaraka peke yake, usibebe faili za kusakinishia programu. Kisha piga picha kwa simu yako ya orodha ya programu zilizosakinishwa, ya zile zinazojiwasha pamoja na Windows, ya viendelezi, na ya kazi zilizomo katika Task Scheduler. Picha hizo utazihitaji baadaye kuliko unavyodhani.

Panga orodha ya programu kwa tarehe, na uanze na zilizoingia karibu na siku tatizo lilipojitokeza. Programu ya Autoruns, iliyo miongoni mwa zana za Sysinternals zinazomilikiwa na Microsoft, hukuonyesha mahali pengi ambapo kitu kinaweza kujiandikisha ili kijiwashe, na ukiiamuru ifiche vitu vyenye saini ya Microsoft, orodha ndefu hupungua na kubaki ile unayoweza kuisoma kwa utulivu. Zima kwanza, usifute; washa upya, uangalie kama kuna kilichoharibika, ndipo uondoe. Wengi wetu tulipoanza tulifuta kwa pupa vitu vya kiendeshi cha sauti au cha kipanya cha mguso, tukalazimika kutengeneza tulichokiharibu sisi wenyewe.

Yapo maficho matatu ambayo wanaoanza huyaruka. La kwanza ni njia ya mkato ya kivinjari iliyoko kwenye dawati: fungua sifa zake na usome mstari wa anwani ya programu mpaka mwisho, kwa sababu anwani ya tovuti ikiongezwa hapo, ukurasa ule utafunguka kila mara hata kama mipangilio yote ni sahihi. La pili ni sera, yaani masharti ambayo msimamizi wa kompyuta hukiwekea kivinjari. Andika chrome://policy kwenye Chrome. Ukikuta kompyuta ya nyumbani inadaiwa kusimamiwa na shirika na kiendelezi kimelazimishwa humo, huwezi kukiondoa mpaka uifute sera yenyewe kwenye rejista ya Windows, hifadhi ambamo Windows hutunza mipangilio yake. Usikimbilie kuhukumu, hata hivyo, kwa kuwa zipo programu halali, zikiwemo baadhi za antivirusi, zinazoweka sera pia. La tatu ni njia ya mtandao: angalia kama proksi, kompyuta ya kati inayopitishiwa mawasiliano, imewashwa bila mwenyewe kujua, soma faili iitwayo hosts, inayoweza kuelekeza jina la tovuti kwenye anwani nyingine, na uingie kwenye ruta kuona ni seva gani za DNS, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya mtandao, zimeandikwa. Watu waliokamatwa mwaka 2011 katika kesi ya DNSChanger walikuwa wamezibadilisha anwani za seva hizo za DNS katika mamilioni ya kompyuta, na waathirika hao wangeweza kufuta vidakuzi kila asubuhi bila kupata nafuu yoyote.

Pamoja na hayo, matangazo yanayochomoza pembeni ya kioo mara nyingi si programu yoyote. Ni arifa za tovuti ambayo mtu aliibonyezea neno la kuruhusu. Ondoa ruhusa hiyo na kazi itakwisha kwa dakika moja. Usilipishe siku nzima kwa hilo.

Ukishaviondoa vinavyorudisha, ndipo uchunguzi wa antivirusi unapofaa. Irudishe kompyuta kwenye mtandao, sasisha Windows na Microsoft Defender ukimjulisha mteja kwanza kama anatumia bando la simu yake, kisha endesha uchunguzi kamili, na baada yake ule wa Microsoft Defender Offline, ambao huwasha upya kompyuta na kuichunguza kabla Windows haijapanda, wakati programu mbovu haina nafasi ya kujificha. Huchukua takriban dakika 15. AdwCleaner ya Malwarebytes hufaa kwa maoni ya pili, kwa sababu hutazama zaidi programu za matangazo. Usiache antivirusi mbili zikilinda kwa wakati mmoja, kwani huzuiana. Wala usipakue kisafishaji unachokiona kikitangazwa ndani ya dirisha linalochomoza, maana tangu zamani ujasusi mwingi umeingia ukiwa umevaa vazi la mlinzi.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni hili: programu nyingi za wizi za siku hizi hazikai. Huingia, hunakili manenosiri yaliyohifadhiwa pamoja na vidakuzi vya akaunti zilizo wazi, huvituma, na huenda zikajifuta. Mwenye kidakuzi cha akaunti iliyo wazi anaweza kuingia bila nenosiri na bila kuulizwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo kompyuta kuwa safi hakumaanishi kwamba mteja yuko salama. Mwelekeze, akitumia kifaa kingine kilicho salama, aondoe vifaa vyote kwenye barua pepe yake, abadilishe nenosiri, kisha afuate akaunti nyingine. Na kwenye simu yake afungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp aondoe vyote asivyovitambua. Ukikuta dalili za programu ya namna hii, au ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, acha kuhangaika na usafi, sakinisha Windows upya kutoka kwenye flashi uliyoiandaa kwa zana ya Microsoft katika kompyuta nyingine. Kabla ya hapo hakikisha mteja ana ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kuifunga diski, kwa kuwa laptopi nyingi mpya zimefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua.

Wakati mwingine aliyeweka ujasusi anaishi ndani ya nyumba hiyohiyo. Ukikuta programu ya kunakili herufi iliyosakinishwa kwa makusudi, usiitangaze sebuleni na usiiondoe papo hapo. Zungumza na aliyekuita akiwa peke yake, na umweleze kwamba kuiondoa kutamjulisha aliyeiweka, jambo ambalo kwa baadhi ya watu linaweza kuleta hatari ya mwili. Uamuzi na wakati ni wake. Uliyoyaona katika faili zake yabaki humo.

Panga kurudi baada ya wiki moja, na siku hiyo usilipishe. Kwa mwalimu wa Morogoro nilirudi siku ya nane nikiwa na picha zangu, nikailinganisha orodha ya Task Scheduler mstari kwa mstari, nikawasha upya kompyuta mara mbili, kisha nikamwomba afungue kivinjari mwenyewe. Ukurasa uliofunguka ulikuwa ule alioutaka.