Jibu: Dada kapewa ufadhili kamili, kaka asilimia 40

Habari ndugu. Unauliza kwa nini mabinti wanapewa zaidi wakati dada na kaka wote wawili ni wakimbiaji na chuo ni kilekile cha Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) Marekani.

Kwanza uliza kama chuo kimejiunga na makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo), yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025. Kama hakijajiunga, ukomo wa zamani unabaki: riadha na mbio za nyika kwa pamoja, wanawake fungu 18, wanaume 12.6 (fungu moja ni ufadhili kamili wa mtu mmoja). Kocha hugawa hizo 12.6 vipande vipande, ndiyo maana ya asilimia 40. Kilichojiunga hakina ukomo wa fungu. Kina ukomo wa kikosi, yaani idadi ya wachezaji: riadha 45 na nyika 17, sawa kwa jinsia zote. Ila fedha ni za chuo, kinaweza kutoa kidogo vilevile.

Title IX ya 1972, sheria ya Marekani inayozuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu, haipimi mchezo mmoja mmoja. Hupima jumla ya michezo yote, na futiboli ya Kimarekani pekee ilikuwa na hadi wanaume 85 wenye ufadhili kamili, wote wakihesabiwa upande wa wanaume. Hapo ndipo wavulana wa riadha hubanwa.

Muhimu zaidi: ile asilimia 60 ya gharama za kaka iliyobaki lazima uonyeshe fedha zake za mwaka wa kwanza kabla chuo hakijatoa fomu I-20, inayotumika kuombea viza ya mwanafunzi. Bila hiyo, hakuna viza.