GPU haijakuangusha, data inasafiri mno

Ndugu, unasema ulihamishia hesabu za mwendo wa chembe 50,000 za mchezo wako wa kompyuta kwenye GPU (chipu ya michoro) na mchezo ukazidi kuwa mzito. Nadhani tatizo si hesabu, ni usafiri. Ukitaka fremu (picha) 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu, na humo humo kuna kuchora. Ukirudisha mahali pa kila chembe kwa CPU (chipu kuu ya kompyuta), halafu ukapeleka tena GPU zichorwe, CPU na GPU zinashinda zikisubiriana. Acha data ikae kwenye kumbukumbu ya GPU: kokotoa huko, chora huko huko.

Halafu angalia unavyotafuta migongano. Kulinganisha kila chembe na kila nyingine ni jozi kama bilioni 1.25, na hapo hata GPU itahema. Gawa nafasi ya mchezo kwa gridi ya vyumba vidogo vya mchemraba, panga chembe kwa namba ya chumba, kila moja ikague chumba chake na 26 vinavyokizunguka.

Maboksi yaliyobebana ni habari nyingine kabisa. Kila mgusano unategemea wa jirani, kuyatatua sambamba, yote kwa pamoja kama GPU inavyopenda, ni kazi ngumu. Yakiwa mia mbili hivi, mimi ningebaki na CPU bila aibu.