Kabla ya kumtaja mshindi, tazama kona yake

Swali la wiki hii limeuliza: "Pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu linapokaribia, je, rekodi ya bondia inatosha kumtabiri mshindi?" Haitoshi, na sidhani kama yupo mpenzi wa ngumi atakayebisha. Linalonikera mimi ni swali jirani yake, lile ambalo watu hawaliulizi bali hulijibu tu kila pambano linapotangazwa: huyu mpinzani ana nafasi gani? Jibu huwa lile lile. Hana. Amekuja kuchukua hela yake aondoke. Wengine humwita kafara hata mizani hajapanda. Nimechoka kulisikia, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Uzito wa juu haufanani na madaraja mengine. Kwenye madaraja ya chini mabondia hupimwa, na wote wawili hubanwa na kikomo kimoja. Huku juu, ukishavuka ratili 200, yaani kilo 90 na ushei, kikomo hakipo. Mmoja anaweza kumzidi mwenzake kilo 15 au 20 na kengele ikapigwa kama kawaida. Na ngumi moja ya watu wa namna hiyo hufuta kazi yote ya raundi zilizopita. Novemba 1994, Las Vegas, George Foreman akiwa na miaka 45 alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji wote watatu mbele ya Michael Moorer. Raundi ya 10 akapeleka mkono wa kulia, Moorer akalala, na ubingwa ukamrudia mtu aliyenyang'anywa na Muhammad Ali kule Kinshasa miaka 20 nyuma. Waliosema mzee atafute kazi nyingine walikuwa wengi.

Ila pambano ninalotaka kulizungumzia ni la Tokyo, 11 Februari 1990.

Mike Tyson, bingwa wa dunia, aliingia akiwa amepigana mara 37 na kushinda zote, 33 kwa KO, yaani bila kusubiri majaji. Mwaka 1988 alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Julai 1989 Carl Williams alidumu sekunde 93. Mbele yake akawekwa James "Buster" Douglas, aliyekuwa ameshapigwa mara 4. Kipigo kimojawapo alikipata mwaka 1987 kwa Tony Tucker, wakigombea mkanda wa IBF, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, pambano ambalo Douglas alilianza vizuri kisha akasimamishwa raundi ya 10. Tangu siku hiyo walimwandika kuwa ni mtu asiye na moyo. Nyumba nyingi za kamari za Las Vegas hazikutaka hata kupokea dau la nani atashinda. Mirage, kasino iliyopokea, ilimpa Douglas 42 kwa 1, yaani dola 1 ingelipa 42.

Mjomba wangu, aliyeniambukiza mapenzi ya ngumi, alikuwa na kanda ya pambano hilo. Kila mgeni aliyekuja kuitazama alitaka ipelekwe mbele mpaka raundi ya 10, aone Tyson anavyoanguka. Mjomba hakuwa na haraka na raundi ya 10. Aliirudisha kanda mpaka kwenye mapumziko ya raundi za katikati, akaisimamisha Tyson akiwa ameketi kwenye kigoda.

"Mjomba, mbona hapa hakuna kitu?" nilimuuliza.

"Tazama mikono ya hao waliomzunguka, mjomba."

Nikatazama. Jicho la kushoto la Tyson lilikuwa linavimba. Kona yoyote, yaani wasaidizi wa bondia, iliyojiandaa kwa pambano la ubingwa huwa na kipande kidogo cha chuma, bapa, kinachokaa kwenye barafu tangu raundi ya kwanza. Uvimbe ukitokea, kile chuma hukandamizwa juu yake dakika nzima ya mapumziko ili uvimbe upungue na jicho libaki wazi. Ni kifaa cha bei ndogo, hukaa mfukoni. Kona ya bingwa wa dunia asiyewahi kushindwa haikuwa nacho. Walichokuwa nacho ni glavu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu, ndiyo wakawa wanaibandika kwenye jicho. Glavu laini haikandamizi. Ukiisukuma huku, maji yanakimbilia kule. Mapumziko yakaisha, Tyson akanyanyuka, na uvimbe uko pale pale, mkubwa kuliko alipoketi.

Jicho la kushoto likifumba, mkono wa kulia wa mpinzani huuoni unakotokea. Na Douglas alikuwa na mkono wa kulia mzuri. Alikuwa pia na mikono mirefu, inchi 83 ukilinganisha na 71 za Tyson, tofauti ya kama sentimita 30. Kwa urefu huo alimdonyoa Tyson kwa mkono wa kushoto kila alipojaribu kuingia, na kila alipodonyoa akafuatisha wa kulia. Tyson wa zamani angelitikisa kichwa, angepita chini ya ile mikono. Tyson wa Tokyo aliingia amenyooka. Kevin Rooney, mwalimu aliyekuwa akimpigia kelele juu ya kichwa chake, alikuwa ameshafukuzwa tangu 1988.

Raundi ya 8 ikielekea mwisho, Tyson alipata nafasi moja na aliitumia. Ngumi ya kulia kutoka chini ikampata Douglas kidevuni, akaenda chini. Alipiga sakafu kwa mkono kwa hasira, kama mtu aliyejikasirikia mwenyewe, akasimama hesabu ya mwamuzi Octavio Meyran ilipofika 9, kengele ikalia. Kambi ya Tyson ililalamika baadaye kwamba hesabu ilianza kwa kuchelewa, na kwa siku chache WBA na WBC, mashirika mengine ya aina ya IBF, walisita kumtambua bingwa mpya kabla ya kukubali. Mimi huwa nawajibu wenye hoja hiyo kwamba bondia hahesabu sekunde kwa saa yake, anasikiliza mwamuzi. Douglas alisikiliza na akanyanyuka kwa wakati aliopewa. Raundi ya 9 mtu asiye na moyo ndiye aliyekuwa akimpiga mwenzake kwenye kamba.

Raundi ya 10 mnaijua. Ngumi ya kutoka chini iliyomnyanyua Tyson kichwa, kisha nyingine mfululizo, na Tyson akaanguka kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ngumi za kulipwa. Akawa anatambaa anaitafuta kinga ya meno, akaipata, akaitia mdomoni upande, nusu ikining'inia nje. Mwamuzi akamkumbatia. Mjomba hapo hakusema lolote. Kwake pambano lilikuwa limepotea wiki ile walipofungasha mizigo ya kwenda Japani.

Sasa nimeandika mpaka hapa kwa nia ya kuthibitisha kwamba uzito wa juu hautabiriki, na ushahidi wangu mwenyewe unaelekea kwingine. Dalili zilikuwepo. Mwalimu aliyemjenga alikuwa ameondolewa. Kabla ya pambano, hapo hapo Tokyo, Greg Page alimwangusha Tyson mazoezini, na habari ikajulikana. Kwa upande wa pili, Douglas alikuwa amefiwa na mama yake wiki chache tu kabla, na bado akajitokeza akiwa katika hali nzuri kuliko wakati wowote. Aliyetaka kuona angeona. Watu waliangalia 37 kwa 0 wakaridhika.

Angalieni pia bingwa Lennox Lewis na mpinzani wake Hasim Rahman, 22 Aprili 2001, Brakpan, Afrika Kusini. Pale ni juu, hewa ni nyepesi. Rahman alifika mapema, mwili ukazoea. Lewis alikuwa amekwenda kwanza kuigiza kwenye filamu huko Las Vegas, akafika siku zimebaki kidogo, akapanda mizani na zaidi ya ratili 253. Raundi ya 5 mkono wa kulia mmoja ukamlaza. Hakuna rekodi iliyoonyesha hilo, ila ratiba yake ya safari ilionyesha. Au bingwa Anthony Joshua, 1 Juni 2019, Madison Square Garden: mpinzani wa awali alifeli vipimo vya dawa, akaletwa Andy Ruiz kwa taarifa ya kama mwezi mmoja. Watu wakacheka tumbo la Ruiz. Mikono yake ilikuwa na kasi ambayo hakuna aliyejisumbua kuipima. Aliangushwa raundi ya 3, akanyanyuka, akamwangusha Joshua mara mbili ndani ya raundi hiyo hiyo, na raundi ya 7 kazi ikaisha.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nipunguze sauti. Douglas alipoutetea mkanda, Oktoba 1990, alikuja na ratili 246 wakati Tokyo alikuwa na 231 na nusu. Evander Holyfield akamlaza raundi ya 3. Rahman alirudiana na Lewis mwaka huo huo, raundi ya 4 akalala. Ruiz alirudi Desemba 2019 na ratili 283, akapotezwa kwa pointi baada ya raundi 12. Leon Spinks, aliyempiga Ali Februari 1978, alikuwa ameurudisha ubingwa kufika Septemba. Hapo utabiri si mgumu hata kidogo. Aliyeupata kwa mshangao akishindwa kuishi kama bingwa, mizani husema siku moja kabla.

Wapo waliovunja utaratibu huo, na ni wakubwa. Ali hakutarajiwa kumshinda Sonny Liston mwaka 1964, akamshinda, akamrudia 1965 akamshinda tena. Oleksandr Usyk alimpiga Joshua London mwaka 2021 na akamrudia Jeddah mwaka 2022. Ndiyo maana nasema tusiangalie jina tu, tuangalie mtu alifanya nini kati ya pambano la kwanza na la pili.

Halafu kuna majaji, ambao sijui kwa nini swali la wiki limewasahau. Machi 1999 Lewis alimzidi Holyfield waziwazi, jaji mmoja akampa Holyfield 115 kwa 113, mwingine 115 kwa 115, likatangazwa sare. Usyk na Tyson Fury, Mei 2024 mjini Riyadh: 115 kwa 112 na 114 kwa 113 kwa Usyk, 114 kwa 113 kwa Fury. Raundi ya 9 Fury alihesabiwa akiwa amebebwa na kamba. Ondoa hesabu ile moja, ifanye raundi ya kawaida ya 10 kwa mshindi na 9 kwa mwenzake badala ya 10 kwa 8, kadi moja inakuwa 114 kwa 114 na pambano zima linageuka sare. Aliyetabiri Usyk kabla ya pambano, na mimi ni mmoja wao, alikuwa sahihi kwa upana wa hesabu moja ya mwamuzi.

Basi mkinibana nitaje jina kwa pambano lijalo, lolote lile, nitamtaja bingwa. Ndiyo, baada ya yote niliyoyasema juu ya wapinzani. Joe Louis alitetea ubingwa huu mara 25, na kila safari hizo alikuwapo mtu aliyeshawishi watu kwamba safari hii ni tofauti. Bingwa aliyejiandaa hushinda mara nyingi. Lakini nitamwacha akiwa amebadilisha mwalimu katikati ya maandalizi, au habari zikitoka kwamba ameangushwa kambini, au ameongeza kilo ambazo hazimsaidii, au kona yake imejaa marafiki kuliko watu wa kazi. Likifika raundi ya 12 bado wote wamesimama, majaji watampa nani sitabiri. Na wala msiniombe nitaje lolote mapema. Jina la nitakayemchagua nitalitoa Ijumaa jioni, mizani ikishasoma.